Kungwi Hakuulizwa

Kungwi alikuwa halitaki neno "kule". Ukimwendea ukamwambia unaumwa kule, alikutazama mpaka ukajuta kuja. "Kule wapi? Chanika? Taja jina lake." Na ungelitaja, hata kama baba mkwe wako amekaa chumba cha pili anasikiliza taarifa ya habari, kwa sababu hakukuachia mpaka ulitaje. Mimi nililitaja nikiwa na miaka kumi na minne, nimefunikwa khanga gubigubi. Nililitaja kwa kunong'ona. Akaifunua khanga usoni pangu, akasema, "Tena. Uso juu."

Nitamwita Kungwi tu, maana Mtoni kwetu hakuna aliyemwita vinginevyo. Mimi nilimwita Somo, kama mwari anavyomwita aliyemfunda. Aliyonifundisha ndani siyaandiki hapa. Anayeyataka akatafute kungwi wake. Naandika ya nje. Na nisifiche, naandika nikiwa na hasira, tena hasira ambayo nusu yake inanihusu mimi mwenyewe.

Nyumba yake ilikuwa nyuma ya wauza mbao, upande wa Barabara ya Kilwa, vumbi la mbao likiingia mpaka kwenye sukari. Sebuleni palikuwa na mtungi wa maji na kikombe kimoja cha bati, cha buluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Kila aliyeingia alinywa kwa kikombe hicho: wari, majirani, fundi bomba, hata shehe wa mtaa. Siku moja alikuja mama mmoja aliyetaka binti yake afundwe, akapewa maji, akaomba glasi. Kungwi akakirudisha kikombe juu ya mtungi na kuendelea na mazungumzo, na yule mama akaondoka na kiu yake. "Anaogopa kikombe changu," aliniambia baadaye, "halafu ananiletea mwanawe nimfunde mwili. Mwili wa nani sasa?" Binti alimfunda vilevile, tena kwa wiki nzima, kwa sababu alisema watoto hawana kosa la mama zao.

Sherehe za kitchen party alizichukia kwa moyo wote na hakukosa hata moja. Alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, akimtazama mshereheshaji kama anatazama mwizi. "Keki ya ghorofa tatu," alinong'ona kwa sauti ya kusikika meza nne, "na bibi harusi hajui hata siku zake zinahesabiwaje." Kisha alikula pilau, akaongeza, akaomba na ya kufungiwa. Sisi wari wake alitufundisha kuzungumza kwa upole ndani ya nyumba, lakini timu yake ikifungwa alimtukana refa redioni kwa maneno ambayo mimi hadi leo sijayatumia, na siku hiyo hapakupikwa. Umri wake hakuusema kwa mtu. Sindano aliiogopa hadi akafumba macho. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa wetu kabla gari halijafika alifumba macho kwa sindano.

Kulikuwa na jambo moja alilolisema mara nyingi, wakati wa kufunda na wakati wa kupepeta mchele. "Mwili ni wako. Usiuongelee kama wa jirani." Nikilikumbuka sasa nafura, kwa sababu mie na wengine tulikuja kuuongelea mwili wake kama wa jirani, tena jirani aliyehama.

Lakini naye alikuwa na lake, na nilisema sifichi. Mume wake aliugua ini nilipokuwa msichana, nikawa natumwa kupeleka uji hospitali. Kungwi alisimama mlangoni mwa wodi, akamkamata kila anayeingia mkono. "Humo ndani ni malaria. Mtu asiniharibie. Malaria." Yule yule aliyenifunua khanga usoni, sasa ananifunika. Mzee aliniuliza kama hiyo malaria haina dawa mpya, maana hii wanayonipa naona haifanyi kazi, mwanangu. Nikamwambia itafanya, baba. Akafa akisubiri malaria ipone. Sikuwahi kumuuliza Kungwi kwa nini, na katika mambo yote niliyojifunza kwake, hilo la kunyamaza ndilo lililonikaa vizuri zaidi.

Ndiyo mtindo wetu. Mtu akiwa mkubwa na ugonjwa ukiwa mzito, ugonjwa unakuwa wa ukoo. Anaujua kaka mtu, wanaujua mashemeji, anaujua binamu wa Tanga, anaujua mpaka wa gengeni anayeuza nyanya. Asiyeujua ni mgonjwa. Na tunaliita jambo hilo heshima, tunalisema kwa sauti ya chini, tunajiona watu wema.

Kansa ya kwanza ya Kungwi haikufichwa, na hilo ni kwa bahati tu. Daktari wa siku hiyo alimwambia usoni kabla ndugu hawajafika: ni utumbo mpana, tunakata kipande. Aliporudi nyumbani hakula siku mbili. Mwanawe mkubwa, fundi umeme, mtu mpole, anayempenda mama yake kuliko kitu chochote, alikaa nje ya mlango wa chumba siku zote mbili na akaapa kwamba hilo halitarudiwa. Siku ya tatu Kungwi akatoka, akaomba samaki, akaenda kukatwa. Alipona akawa na lalamiko moja tu. Alitaka kukiona kilichokatwa, wakamwambia kimeshapelekwa maabara. "Kimekaa tumboni mwangu," alisema mwaka mzima, "kimekula chakula changu, kimetoka hata hatujaonana!" Sote tulicheka. Hakuna aliyelitia akilini.

Baada ya hapo nilimsindikiza kliniki kila alipoitwa. Mimi ni karani wa shule, fomu sizikimbii, na mwanawe alishukuru kuwa na mtu wa kushika faili. Mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, picha ya kifua ilirudi na maneno mengi. Nilimpigia mwanawe, akaja mbio na mikanda yake ya kazi kiunoni. Kwenye ngazi akanishika mkono. "Dada, Mama abaki benchi. Tusikie sie kwanza."

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi, na alikuwa na subira. Aligeuza fomu akachora mapafu mawili kwa kalamu, akatia nukta mbili kwenye lile la kulia.

"Ile ya utumbo imefika hapa," alisema. "Viko vivimbe viwili, vidogo. Kwa kuwa ni viwili na mama ana nguvu, tuna njia mbili. Ya kwanza ni kupasua. Wanaingia ubavuni, wanavitoa, vinapelekwa maabara tujue ni nini hasa. Ataumia, atakaa na mpira wa kutoa maji ubavuni siku kadhaa, na pumzi itachukua wiki nyingi kurudi. Ya pili ni mionzi ya kulenga. Analala kwenye mashine, mikono juu ya kichwa, hatikisiki, mionzi inapiga hapo hapo tu. Anakuja mara chache, analala kwake. Hakuna kidonda. Ila hatupati nyama ya kupima, pafu linaweza kuvimba baadaye akakohoa, na linabaki na kovu ambalo kwenye picha za mbele linatusumbua kulitofautisha na uvimbe."

"Ipi nzuri?" mwanawe akauliza.

"Kwa mtu kama mama, siwezi kukwambia hii inaishinda ile. Na hakuna hata moja ninayokuahidi kwamba itamaliza. Inategemea mtu anavumilia nini na anaogopa nini. Ndiyo maana nataka kumsikia mwenyewe. Anasemaje?"

Mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi. Nilikuwa namsikia kupitia mlango, anamwonyesha mwanamke asiyemjua namna ya kumfunga mtoto kwa khanga asiumize shingo, anacheka. Hatua sita hivi. Mwanawe alinitazama. Na mimi, niliyefundwa na yule mwanamke, nikasema, "Ametuachia sisi, daktari."

Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi na halijapata kisingizio. Daktari alisema tumlete wiki inayofuata hata hivyo, tusichelewe, kwamba nafasi hii ni ya sasa vikiwa bado viwili. Mwanawe akasema mama ana presha. Nikaomba ile karatasi yenye mchoro, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Kungwi aliponiuliza wamesemaje, nikamjibu nikitazama viatu vyangu: "Makovu ya kifua kikuu cha zamani, Somo. Watayaangalia." Maneno hayo tulikuwa tumeyapanga kwenye ngazi kabla ya kuingia, daktari aseme lolote.

Wiki iliyofuata hatukwenda. Tulikaa kikao.

Kikao cha kwanza kilikaa kwa kaka mkubwa wa Kungwi, kabla ya Ramadhani. Kaka mtu alivua kofia, akasema kansa ikiguswa na kisu inapata hewa, na ikipata hewa inakimbia. Si mnaona walivyokata utumbo, ikapanda juu? Vichwa vikatikiswa. Nilikuwa na karatasi ya daktari mkobani na sikuitoa. Shemeji mmoja akasema basi mionzi. Mwingine akasema mionzi inamkausha mtu kama samaki, yeye anamfahamu aliyekaushwa. Binamu wa Tanga alikuwa hewani, simu imewekwa juu ya meza, akatushauri tusubiri mfungo upite. Mfungo ukapita. Likafunguliwa kundi la simu, likaitwa Afya ya Mama Kwanza. Lilikuwa na watu thelathini na kitu na Mama hakuwemo. Asubuhi zilikuja dua, mchana zilikuja sauti za dakika saba za mtu anayesimulia kansa ya jirani yake, jioni viganja vya kuomba. Mtu mmoja alituma picha ya majani. Tulijadili kisu na mionzi kama wanunuzi wanaojadili rangi ya gari, na kila mmoja alisema "Mama asingependa kisu", "Mama mtu mzima, ataogopa", kana kwamba Mama amefariki na tunagombea maneno yake. Yeye alikuwa Mtoni, nyuma ya wauza mbao, simu ikiwa imewashwa.

Idi kubwa ikapita na kikao cha mwisho kikaahirishwa kwa sababu kaka mtu alikuwa na harusi.

Wakati huo Kungwi alikuwa anaishi ndani ya uongo wangu. Ameambiwa kifua kikuu, basi akafanya anachofanya mtu mwenye akili aliyeambiwa kifua kikuu. Nilikwenda siku moja nikakuta juu ya mtungi pana kikombe kipya cha plastiki, na kile cha bati kimetundikwa msumarini chumbani kwake. "Hicho changu," alisema. "Nyie tumieni cha plastiki." Madirisha yote wazi. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa bado anatambaa, alikuwa analia mkekani kwa kutaka kubebwa, na bibi yake amekaa kwenye kiti ng'ambo ya chumba, anampigia makofi kwa mbali. Wari wawili aliowaahidi aliwapeleka kwa kungwi mwingine, Mbagala. Nilimwambia makovu ya zamani hayaambukizi. Akanijibu, "Makovu gani yanafuatwa na mafaili yote haya? Wacha nijikinge mie." Nikaondoka. Nilirudi nyumbani nikala, nikalala, nikaamka nikaenda kazini.

Aliporudishwa kwenye picha, nukta hazikuwa mbili. Zilikuwa zimejaa mapafu yote, daktari hakuweza hata kuzichora. Aliweka kalamu mezani. Alisema kupasua na mionzi ya kulenga sasa si vya kuzungumzia, zimebaki dawa za kupunguza kasi na za maumivu. Hakutulaumu. Afadhali angetulaumu, ningepata wa kumkasirikia zaidi ya sisi. Msibani kwake, kaka mtu alisimama mbele ya watu akasema ukoo ulipambana mpaka dakika ya mwisho, na watu wakaitikia. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikakuna mpaka nikajikata kidole. Tulipambana na nani? Na daktari? Na benchi?

Lakini kabla ya msiba kulikuwa na Jumamosi moja Chanika.

Mwanawe alikuwa amemhamishia huko, kwenye nyumba yake mpya isiyopigwa plasta bado, kwa ajili ya hewa. Nilifika asubuhi. Kungwi alikuwa kwenye godoro chumba cha mbele, dirisha linatazama mihogo, amekonda mpaka pete zimehamia kidole gumba. Juu ya kichwa chake, msumarini, kikombe cha bati.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwari wangu. Kaa hapo mlangoni, nisikukoholee."

Sikukaa mlangoni. Nilikaa godoroni.

"Jirani hapa ana kifua kikuu," alisema. "Kila asubuhi anakwenda kituoni kumeza vidonge, anarudi analalamika vinamfanya mkojo uwe mwekundu. Mie sijapewa hata kimoja. Kifua kikuu gani hiki kisicho na dawa?"

"Somo, mwanao alisema..."

"Mwanangu sijamuuliza. Nakuuliza wewe. Taja jina lake."

Niliinamisha kichwa. Akanyoosha mkono, mifupa mitupu, akaninyanyua kidevu.

"Uso juu."

"Kansa," nikasema. "Ile ya utumbo. Imekwenda mapafuni."

Aliuliza tangu lini, nikamwambia tangu kabla ya Ramadhani. Aliuliza kama kulikuwa na la kufanya, na hapo nikafungua mkoba. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nikaitandaza godoroni, nikamfundisha kama alivyonifundisha, kitu kwa jina lake: hapa ni pafu, hapa ni vile viwili, huku kisu, huku mionzi. Aliuliza maswali ambayo watu thelathini hawakuuliza. Kisu kinaingilia wapi, mbele au ubavuni? Mpira ukitolewa, mtu anaweza kunyanyua mkono juu? Kwenye mionzi mtu akikohoa ghafla wanafanyaje? Nilijibu niliyoyajua. Kisha akauliza, "Na mionzi ikimaliza, utajuaje kama kile kitu kimekufa?"

"Picha. Ila kovu na uvimbe vinafanana wakati mwingine. Inabidi kusubiri picha nyingine, na nyingine."

"Basi mie kisu," akasema, kama anayechagua kitambaa. "Kitoke, wakipime, waniambie kimetoka. Nisikae mwaka mzima nasoma nyuso zenu. Wewe je?"

"Mie mionzi, Somo. Kidonda cha ubavu nisingekiweza."

"Nawe ungekuwa sawa. Wewe si ndiye ungelala pale?" Akaikunja karatasi kufuata mikunjo yake. "Kwa hiyo nilikuwa na vitu viwili vya kuchagua, na mie nipo Mtoni naosha vikombe."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Usinililie. Nimekasirika, niache nikasirike vizuri. Nimekasirika na wewe, na mwanangu, na kaka yangu na midomo yake. Na mie mwenyewe. Baba yenu alikufa ananiuliza malaria, unakumbuka? Nilijiona nampenda." Alikohoa, akasubiri pumzi irudi. "Angetaka kwenda Kilwa akamwone mdogo wake. Alikuwa anasema, nikipona malaria nakwenda Kilwa."

Mwanawe aliingia na bakuli la uji. Akaiona karatasi, akaniona mimi nilivyokaa.

"Dada. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema, uso juu, sauti ikinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimemwambia Mama ana kansa. Nimemwambia daktari alitaka kumuuliza, na mie nikamdanganya daktari wewe ukiwa umekaa pale. Angechagua kisu. Wote mle kwenye kundi mlisema anaogopa kisu, na angechagua kisu."

Alitafuta pa kuweka bakuli, hakuona. Kungwi alikuwa anatutazama wote wawili, na swali lake alilileta kwangu, polepole.

"Hii inaambukiza?"

"Haiambukizi, Somo."

"Hata kwa kikombe?"

"Hata kwa kikombe."

"Mtoto ameanza kutembea," alisema, "sijambeba."

Kisha akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, akakitungua kikombe msumarini. Kwenye chupa ya pembeni kulikuwa na maji, akamimina, akanywa mafunda mawili, akanipa. Nikanywa. Akakichukua tena, akampa mwanawe. Mwanawe aliweka uji chini sakafuni, akapokea kwa mikono miwili, akanywa ameinama, machozi yanamdondokea ndani ya kikombe.

"Uso juu, baba," Kungwi akamwambia.